Mwanao akimlilia bosi wa mwisho, usimcheke

NI saa nne usiku, likizo ya Desemba. Chukua mfano wa nyumba moja ya Kimara, Dar es Salaam. Mama ameshafunga mlango wa uani, anapita sebuleni kumwambia mwanawe wa kidato cha pili azime kompyuta akalale. Anamkuta kijana anafuta macho kwa ukosi wa fulana.

"We baba, una nini?"

"Hamna, mama."

"Hamna na unalia? Nani kakufanya nini?"

Kijana anasita, kisha anajibu kwa sauti ndogo: "Nimemaliza gemu."

Hapo wazazi wengi hucheka. Wengine huwaka: ada imelipwa, umeme unakwenda, mtoto mzima analilia katuni. Mama huyu hafanyi hivyo. Anavuta kiti, anakaa, anauliza: "Imeishaje?"

Swali hilo la neno moja linaweza kumfungulia mzazi mlango ambao maswali kumi ya "umesoma?" hayakuufungua. Kuna gemu ambazo mwisho wake hauna la kuzungumzwa. Unapiga, unashinda, basi. Lakini zipo ambazo mwisho wake ni mtihani wa tabia, na mtoto anayetoka humo amebeba kitu kifuani. Gemu aliyoimaliza kijana huyu ni mojawapo. Inaitwa Undertale.

(Mzazi ambaye mwanawe bado yuko katikati ya safari asimsomee makala hii kwa sauti. Humu mwisho wote umeelezwa.)

Hadithi yenyewe

Undertale ilitoka Septemba 15, 2015. Aliyeitunga ni Mmarekani Toby Fox, ambaye aliandika hadithi, muziki na sehemu kubwa ya programu yeye mwenyewe, akisaidiwa michoro na Temmie Chang. Kwa macho ni gemu ya kizamani, vipicha vidogo vya mraba mraba. Mzazi akichungulia atadhani ni ya watoto wa chekechea.

Ni gemu ya kuvaa uhusika. Mchezaji anakuwa mtoto wa binadamu aliyetumbukia shimoni mlimani, akafika nchi ya chini ya ardhi wanakoishi mazimwi. Zamani binadamu na mazimwi walipigana vita, binadamu wakashinda, wakawafungia wenzao huko chini kwa kizuizi cha uchawi. Kuvunja kizuizi hicho kunahitaji roho saba za binadamu. Mfalme wa mazimwi, Asgore, ameshapata sita. Ya saba ni ya huyu mtoto aliyetumbukia.

Katika gemu nyingi za namna hii, kila adui unayemuua anakuongezea nguvu, na nguvu hizo ndizo zinazokufikisha kwa bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa anayekaa mwisho wa safari. Undertale inakupa kitufe cha kupiga, lakini kando yake inakuwekea kitufe cha kuongea na kitufe cha huruma. Kila zimwi unalokutana nalo linaweza kuachwa hai ukijua la kufanya: umsifu, umchekeshe, umsikilize, au umwache tu apoe.

Mtihani wa kwanza unakuja mapema. Zimwi la kike linaloitwa Toriel, lenye sura ya mbuzi na mwendo wa mama mtu mzima, linamwokota mtoto, linampikia, linamtandikia kitanda. Mtoto akitaka kuondoka, Toriel anasimama mlangoni na kumzuia kwa moto, kwa sababu anajua huko nje wenzake wote walikwenda na kufa. Wachezaji wengi hapo humuua bila kukusudia, wakidhani wanampunguza nguvu tu. Lakini anayetazama vizuri ataona jambo: mtoto akikaribia kufa, moto wa Toriel unaanza kumkwepa. Mama yule hataki kushinda.

Kijana wa Kimara naye alimuua mara ya kwanza. Akashtuka, akafungua alipokuwa amehifadhi, akarudia, safari hii akabonyeza huruma tena na tena hadi Toriel akakubali. Alipotoka tu mlangoni, akakutana na ua la manjano lenye uso, Flowey, likamwambia kuwa linajua alichofanya. Gemu ilikuwa imekumbuka.

Zimwi mwenye jina

Bosi wa mwisho ni nani basi? Inategemea wewe ulikuwa nani njiani.

Kabla ya kufika kwa mfalme, mchezaji anapita katika ukumbi mrefu wenye mwanga wa dhahabu. Anamkuta Sans, mifupa mfupi mwenye mzaha, ambaye safari hii hatanii. Anamhukumu. Kwenye skrini tangu mwanzo kuna vifupisho viwili, EXP na LV, ambavyo wachezaji wa gemu za aina hii huvijua kama uzoefu na kiwango. Sans anafichua kuwa humu cha kwanza ni alama za kuua na cha pili ni kipimo cha ukatili. Namba ambayo mtoto aliifurahia kila ilipopanda, kumbe ndiyo hati ya mashtaka.

Anayefika mara ya kwanza anapigana na mfalme Asgore, na mfalme anaanza kwa kukivunja kile kitufe cha huruma. Akishindwa, mtoto anaweza kumsamehe, lakini Flowey anajitokeza, anammaliza mfalme, anazimeza roho sita na kuwa dubwana la kutisha lenye skrini ya televisheni kwa uso. Gemu inajifunga yenyewe. Ukiifungua, hata faili lako la kuhifadhi limekwishachukuliwa. Katikati ya pambano zile roho sita alizozimeza zinamgeuka, zinamsaidia mtoto, na dubwana linaanguka.

Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za bibi atatabasamu hapo. Zimwi lililomeza kijiji kizima, likapasuliwa, watu wakatoka wakiwa hai, ni hadithi ya kwetu kabisa. Pwani kuna Nunda mla watu, paka wa sultani aliyeanza kwa mifugo akaishia kwa watu, mpaka mwana wa sultani akamwinda na kumuua. Hapo hadithi huisha, watu hucheza ngoma.

Undertale haiishii hapo. Baada ya dubwana kuanguka, mchezaji anadokezwa kuwa kama hakuua yeyote na akarudi kufanya urafiki na waliobaki, kuna mwisho mwingine. Katika mwisho huo Flowey anazimeza roho za rafiki zote, anageuka, na kinachosimama mbele ya mtoto ni mtoto mwenzake. Anaitwa Asriel. Ni mwana wa Toriel na Asgore.

Zamani binadamu wa kwanza aliyetumbukia alilelewa na familia hiyo, akawa kama ndugu wa Asriel. Wote wawili walikufa. Vumbi la Asriel liliangukia maua, na baadaye majaribio ya mwanasayansi wa mfalme yakaliamsha ua moja, likawa na kumbukumbu zote za mtoto yule lakini halina roho. Likamwona mama yake, likamwona baba yake, likashindwa kuhisi upendo. Huyo ndiye Flowey. Ukatili wake wote ulianzia hapo.

Katika pambano lile Asriel anamdhani mchezaji ni yule ndugu yake aliyekufa. Kwetu wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na humu methali hiyo imekuwa kanuni ya mchezo. Anakupiga kwa nyota, kwa upanga, kwa mizinga. Roho ya mtoto inapasuka, kisha inakataa kufa, inajiunga tena. Haiwezekani kushindwa. Wala haiwezekani kumpiga. Kilichobaki ni kuwaita rafiki waliomezwa, mmoja mmoja, kwa kuwakumbusha mambo mliyofanya pamoja: utani, upishi, barua. Wakishaamka wote, anabaki mmoja wa kuokolewa, naye ni bosi mwenyewe. Anapiga kwa nguvu zake zote huku akisema kwamba anafanya hivyo kwa sababu hayuko tayari kuagana tena. Halafu analia.

Hapo ndipo kijana wa Kimara alipovuta ukosi wa fulana.

Je, ni mwisho mzuri?

Mwisho wa gemu hupimwa kwa jambo moja: je, umelipa ahadi iliyotolewa mwanzoni? Kwa kipimo hicho Undertale imefaulu. Saa ya kwanza Toriel alimfundisha mtoto aongee badala ya kupiga. Saa ya mwisho kuongea ndiyo silaha pekee inayofanya kazi. Hakuna upanga mkubwa wa kununua dukani utakaomsaidia.

Bosi naye amefaulu kwa sababu ana sababu. Mabosi wengi wa gemu hutaka kuangamiza dunia, basi. Asriel anataka ndugu yake arudi. Mtoto wa miaka 13 aliyewahi kufiwa, au ambaye rafiki yake alihamishwa shule bila kuagana, hahitaji kuelezwa hapo.

Hata hivyo sifa zote zisifunike kasoro, na zipo tatu ambazo mzazi anaweza kuzijadili na mwanawe.

Ya kwanza, pambano lisiloweza kushindwa ni pambano jepesi. Baada ya mchezaji kuhangaika na dubwana la Flowey, Asriel anaonekana wa kutisha lakini hana uwezo wa kukutoa. Wapo wachezaji wanaoona wamenyimwa ushindi wa jasho. Jibu linaweza kuwa kwamba hapa jasho lilishamwagika njiani, kila mara ulipojizuia kupiga. Lakini malalamiko yao yana uzito.

Ya pili, njia ya kufikia mwisho huu imefichwa mno. Kuna barua ya kupeleka, ziara za kufanya, lifti ya kurudia. Mtoto mwenye moyo mzuri anaweza kuishia mwisho wa kati kwa sababu tu hakurudi mji fulani. Wema wake haukupungua. Hakujua mlango ulipo.

Ya tatu ndiyo nzito. Mfalme Asgore aliamuru kila binadamu anayetumbukia auawe, na roho sita alizokusanya ni za binadamu sita waliofika kabla. Katika mwisho mzuri anakuwa mzee wa kuchekwa, Toriel anamsema, kisha wote wanatoka kwenda kuliona jua. Wale sita hawapati wa kuwalilia. Mchezaji amesamehe, sawa. Lakini ana haki gani ya kusamehe kwa niaba ya waliokufa? Muulize mwanao swali hilo mkiwa mnamenya viazi, halafu nyamaza usikilize.

Uzuri mmoja unaokaribia kufidia yote ni huu: Asriel haokolewi kikamilifu. Anavunja kizuizi, anawaachia wote roho zao, na anajua atarudi kuwa ua. Wakati wenzake wanajiandaa kutoka, mchezaji anaweza kurudi kwa miguu njia yote hadi pale alipotumbukia mwanzoni. Atamkuta Asriel amesimama peke yake kwenye maua, na hana la kumfanyia zaidi ya kumsikiliza. Watoto wengi hawajui kuwa njia hiyo iko wazi. Wanaoifuata hujifunza kuwa kuna huzuni ambayo rafiki hawezi kuiondoa, lakini anaweza kuitembelea.

Njia ya tatu

Turudi Kimara. Wiki mbili zimepita. Binamu wa kijana amekuja likizo kutoka Morogoro na ameleta habari: ukiua wote, kila mmoja, unapata pambano gumu kuliko yote, la Sans. Saa tatu usiku mama anapita, anaona wavulana wawili wameinamia skrini, muziki umekuwa mzito na wa polepole.

"Yule mama mbuzi mbona simwoni leo?"

Kimya.

"Nimemuua, mama."

"Kwa nini? Si ndiye uliyekuwa unamsifu?"

"Ili tumwone Sans."

Jibu hilo ndilo gemu yenyewe inalisubiri. Kabla ya kuanza upya baada ya mwisho mzuri, Flowey hutokea na kumsihi mchezaji awaache walivyo, wana furaha, asibonyeze. Anayeendelea na kuchagua kuua wote hapati bahati mbaya yoyote ya kusingizia. Lazima azunguke kila eneo akitafuta wa kuua mpaka hakuna anayetokea. Papyrus, mdogo wake Sans, anamfungulia mikono akiamini bado anaweza kuwa mwema, na hata akiuawa anakufa akiamini hivyo. Baadaye Flowey anasimulia alivyoanza: alikuwa mwema kwa kila mtu, akachoka, akaanza kuua ili aone kitatokea nini. Na anawadharau zaidi wale wanaotaka kuona maovu lakini hawana ujasiri wa kuyatenda, wakasimama pembeni kutazama wengine wakifanya. Binamu wa Morogoro anaguswa hapo, na kila anayetazama video za pambano hilo kwenye simu.

Sans kweli ni bosi mgumu. Anakwepa kila pigo, na katikati ya pambano anakupa msamaha wa uongo. Ukiukubali anakuua papo hapo. Silaha yake ya mwisho ni kutofanya kitu: anakataa kumaliza zamu yake, akitumaini utachoka uache. Ni bosi anayepigana na udadisi wako.

Anayemshinda anashuhudia dunia ikifutwa. Skrini inabaki tupu. Ili arejeshewe dunia lazima atoe roho yake, na tangu siku hiyo, hata akicheza tena kwa wema hadi mwisho mzuri, sekunde za mwisho zinakuwa na doa. Picha ya rafiki wote inatokea, nyuso zao zimekatwa kwa alama nyekundu. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika gemu nyingi kitufe cha kuanza upya hufuta kila kosa, Undertale inakataa.

Je, hilo ni ukatili kwa mtoto aliyekuwa anadadisi tu? Wapo wanaoona hivyo: mtunzi ameandaa chumba, ameweka zawadi nzuri kuliko zote ndani, kisha anamshitaki anayefungua mlango. Lakini mtoto hakudanganywa. Alionywa kila hatua, na mlango wa kurudi uliachwa wazi kwa muda mrefu. Akimwachia Papyrus uhai, njia ya kuua wote inakatika hapo hapo.

Mzazi ashike lipi

Jua kifaa. Undertale ilianza kwenye kompyuta mwaka 2015, ikaja PlayStation 4 mwaka 2017, Nintendo Switch mwaka 2018 na Xbox mwaka 2021. Mtunzi hakuitoa rasmi kwa simu. Mwanao akikuonyesha ameipakua kwenye simu kutoka tovuti fulani, kagua alichopakua.

Jua umri. Damu karibu hakuna, lakini pambano la dubwana la Flowey lina picha zinazomulika haraka na linatisha. Mtoto mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga asilicheze. Humo pia mna maabara ya chini yenye giza, na habari ya mtoto aliyejilisha sumu kwa makusudi. Kwa mwenye miaka 13 ni mazungumzo. Kwa mwenye miaka 7 ni ndoto mbaya.

Uliza mwisho, usiulize masaa tu. "Umecheza saa ngapi?" huleta ugomvi. "Ulimwachia nani, ulimuua nani, na kwa nini?" huleta habari. Jibu lake usiligeuze kesi. Mtoto aliyemuua Toriel hajawa muuaji. Msikilize anavyojieleza. Akisema alijisikia vibaya, dhamiri inafanya kazi. Akisema hakujisikia kitu, bado usishtuke, mwulize tena kesho kutwa.

Muda wa kulala ubaki muda wa kulala. Gemu nzuri haimfuti mwalimu wa hisabati.

Mama wa Kimara usiku ule hakuhubiri. Alisema tu, "Haya, saa nne mzime," akaenda zake. Asubuhi, wakati wa chai, binamu akiwa bado amelala, aliuliza lile swali lake la neno moja.

"Imeishaje?"

Kijana alichovya kipande cha chapati, hakunyanyua macho.

"Haijaisha. Tulifika kwenye theluji, kwa Papyrus. Akafungua mikono."

"Ukafanyaje?"

"Nikabonyeza huruma. Kaka kanuna mpaka sasa."

Mama akamwongezea chai.